Kijiko Kimoja Kinatosha

Kazi yangu ni kuandika karatasi ambazo hakuna mtu anayezisoma kwa raha. Jinsi ya kufungua pampu ya mkono, jinsi ya kubadilisha mpira wake ukichakaa, jinsi ya kuchanganya dawa ya maji. Nimeifanya hapa hapa Kindu, mashariki mwa Kongo, tangu nikiwa msichana, na sasa nina wajukuu na miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kuwatazamia watu wanaonidanganya. Ile ya pili inachakaa haraka zaidi.

Katika biro letu, yaani ofisi, tuko watatu na shefu wetu, mkuu wa kazi. Mimi naandika Kiswahili, mwenzangu anaandika Kifaransa, na wa tatu anachora picha. Karatasi zetu zinakwenda Kibombo, Kailo, Punia na vijiji vya katikati, zinabandikwa kwenye kuta za vituo vya maji, na huko watu wanafuata kile kilichoandikwa. Wanafuata kweli. Wakubwa wa mbali hilo hawalielewi, wanadhani karatasi ya ukutani ni pambo.

Zamani kila karatasi ilikuwa na maisha yake peke yake. Ukibadilisha neno moja kwenye kitabu cha mafundi, ilikubidi ukumbuke kulibadilisha kwenye karatasi ya ukutani, na kwenye kijitabu cha wauguzi, na kwenye ile ya mwenye depo, ghala la dawa. Moja ilikuwa lazima isahaulike. Halafu miaka ya karibuni wakatuletea mfumo mpya wa kompyuta. Tuliitwa kwenye mafunzo, tukapewa soda na kalamu, tukaelezwa kwamba kuanzia sasa kila habari itaandikwa mara moja, mahali pamoja, na mfumo wenyewe utaipeleka kila inapohitajika. Andiko mama moja, watoto wengi. Ukimrekebisha mama, watoto wote wanarekebika papo hapo.

Niliposikia hayo nililia. Mwalimu wa mafunzo alisimama, akauliza kama mwanga wa skrini unaniumiza macho. Nikamwambia ndiyo, mwanga. Ningemwambia nini? Nilikuwa namlilia mdogo wangu, kwa sababu kama kitu hicho kingekuwepo wakati wa vita, leo angekuwa bibi kama mimi, tunagombania nani anapika vizuri sombe yetu ya majani ya muhogo.

Wakati ule vita vilikuwa vimetufungia ndani ya mji. Treni ilikuwa imekufa. Mtoni kulikuwa na watu wa bunduki huku na huku, na njia za porini zilikuwa na wengine. Kilichofika kilifika kwa ndege, au kwa baiskeli za wanaume waliosukuma mchele kutoka Kibombo, wakinyang'anywa njiani mpaka wanafika na nusu ya walichobeba. Chumvi tuliinunua kwa kijiko. Kisha kipindupindu kikaingia, na shirika moja lililokuwa linagawa dawa ya maji likaniajiri kama daktilo, yaani mpiga chapa.

Mashine yetu ya kutolea nakala ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono. Unapiga maneno kwenye karatasi ya nta, stensili, unaivalisha mashine, unazungusha, na stensili hiyo moja inakuzalia karatasi zote unazotaka, mpaka ichanike. Shefu wa wakati ule alikuwa anatunga kwa Kifaransa, mimi naweka kwa Kiswahili. Karatasi ya dawa ya maji ilikuwa kazi yangu ya kwanza, na niliifanya kwa moyo wangu wote. "Tia kijiko kimoja cha dawa katika bidoni ya lita ishirini. Funga, tikisa, ngoja. Kijiko kimoja kinatosha." Bidoni ni dumu la plastiki, na maji hayo makali ndiyo yaliyokuwa yanatiwa kidogo kidogo katika ndoo za watu.

Maneno ya mwisho hayakuwemo kwenye Kifaransa. Niliyaongeza mimi, kwa sababu watu kwa hofu ya ugonjwa walikuwa wanazidisha dawa, maji yanawachoma koo, wanayamwaga na kurudi mtoni. Ilikuwa sentensi nzuri. Mpaka leo nasema ilikuwa nzuri, kwa dawa ile.

Mdogo wangu alikuwa ng'ambo ya mto, Alunguli. Alipata kazi ya kuchanganya dawa kwenye kituo cha maji cha huko, na aliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Kila asubuhi, kabla ya kufungua kifuniko cha debe la dawa, alisimama mbele ya akina mama wenye ndoo, akaisoma karatasi yangu kwa sauti. Akifika kwenye kijiko, wote wanaitikia: "Kimoja!" Hakuna mkubwa aliyewaamuru wafanye hivyo. Walijitungia wenyewe. Mchanganyaji aliyekuwepo kabla yake alisingiziwa kwamba anauza dawa sokoni, akachapwa viboko hadharani na watu wa bunduki, na baada ya hapo kila mmoja akataka dawa ihesabiwe mbele ya macho yake. Mwenye depo naye alikuwa anagawa dawa kwa kufuata karatasi ile ile ya Kiswahili: kijiko kimoja, bidoni moja, hakuna cha ziada.

Basi dawa ile ikaisha. Ndege ikaleta nyingine, unga mweupe kama ule wa kwanza, lakini dhaifu. Daktari aliyekuja nayo alisema wazi: hii ni vijiko vitatu. Tulikuwa tumebakiwa na stensili mbili tu. Shefu akaniambia nipige ya Kifaransa, kwa sababu wakaguzi walikuwa wanakuja na ndege ijayo na wangependa kuona karatasi mpya ukutani. Ya pili akaifungia kabatini, eti inangoja ripoti.

"Shefu," nilimwambia, "wanaochanganya dawa hawasomi Kifaransa."

"Mamzeli, Kiswahili kitafuata."

"Basi niruhusu nirekebishe kwa kalamu ya bic, nipite kituo kwa kituo."

"Karatasi yenye muhuri haiguswi kwa bic. Ukiigusa, watasema tunaiba dawa. Nimesema Kiswahili kitafuata."

Alisema hivyo bila ubaya wowote, huku anatafuta viberiti mfukoni. Aka! Heri angenitukana.

Karatasi za Kifaransa zilivushwa mto siku hiyo hiyo, nami nikazifuata kwa mtumbwi. Nilimkuta mdogo wangu amekaa juu ya bidoni, anatafuna hindi la kuchoma. Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniita yaya, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa kwetu, na akiniita hivyo kwa sauti ile nyembamba nilijua atanikatalia.

"Yaya, karatasi inasema kimoja."

"Mimi njo niliandika iyo karatasi! Sasa mimi mwenyewe nakuambia tatu."

"Basi andika tena, ulete na muhuri. Nikitia tatu kesho, akina mama wataitikia kimoja, mimi natia tatu, wataniona namna gani? Na dawa itaisha mbele ya siku yake. Wewe njo utakuja kulala chini kupigwa viboko?"

Nikamshika mkono, nikampeleka ukutani. Pale pale, kando ya karatasi yangu iliyokuwa imepauka, ilikuwa imebandikwa ile mpya ya Kifaransa, safi, pini nne pembeni. Nikaweka kidole kwenye neno: tatu, ona, tatu. Akacheka.

"Iyo ni ya wageni, yaya. Wageni wanakunywa maji ya chupa. Ya kwetu njo hii."

Nilirudi kwa shefu. Kesho yake nikarudi tena. Nilikuwa nakaa mlangoni kwake mpaka wenzangu wakanipa jina, wakaniita Kiswahili. "Kiswahili amefika," wanasema wakiniona, na wanacheka. Wakaguzi walikuja, wakatazama kuta, wakapiga picha za ile karatasi ya Kifaransa, wakapanda ndege yao.

Mdogo wangu alikuwa anakunywa maji yale yale aliyowagawia watu. Angekunywa yapi mengine? Ugonjwa ulimkamata asubuhi akiwa kazini, jioni ya siku hiyo hiyo akawa amekwisha, mikono imekunjamana kama ya bibi kizee, yeye ambaye hata mchumba alikuwa bado hajapata. Wengine wa kituo chake walimfuata. Akina mama wale wale waliokuwa wanaitikia.

Stensili ya pili ilitolewa kabatini baada ya mazishi. Niliipiga mimi. Shefu alikuja matangani, akaketi, akala wali wetu, akasema pole sana, mipango ya Mungu. Nikamezea. Mpaka leo bado namezea, na halijashuka.

Sasa mnaelewa kwa nini nililia kwenye mafunzo. Nilijiambia: ah, wamefikiria. Hatimaye kuna mtu ameketi mahali akafikiria. Kifaransa kikibadilika, Kiswahili kinabadilika nacho, hakuna stensili ya kufungiwa kabatini, hakuna kubembeleza mlangoni. Niliupenda mfumo ule, naapa. Nilijifunza vibonyezo vyake vyote, nikawa wa kwanza kufika bironi asubuhi, nikawatetea waliouleta kila wenzangu walipolalamika.

Kitu kimoja hawakutueleza vizuri. Kabla ya mfumo kuanza kazi, makao makuu walituma mtaalamu aje akusanye maandiko yote ya zamani. Aliingia stoo akiwa amejifunga kitambaa puani, akapiga picha kila karatasi, hata zile zilizoonjwa na mchwa, na maneno yake yote yakaingizwa kwenye mfumo. Ile ya Kiswahili ya vijiko vitatu haikuwemo, mchwa walikuwa wameshaimaliza. Alifurahi sana. Alisema hii ni hazina: sentensi ikishatafsiriwa mara moja, mfumo unaikumbuka milele, hakuna haja ya kumsumbua mtu aitafsiri tena. Na kwa kuwa karatasi zile zilikuwa na muhuri, alizihesabu zote kuwa zimethibitishwa. Mwingine angefikiri kwamba muhuri wa wakati wa vita ni wa dawa ya wakati wa vita. Yeye aliona muhuri tu.

Mwaka huu dawa ya maji ikabadilika tena. Ile kali iliadimika, wakaleta dhaifu. Unga mweupe, harufu hafifu. Niliutambua kabla sijaambiwa. Mwenzangu wa Kifaransa akarekebisha andiko mama asubuhi: vijiko vitatu. Mimi nikakaa nangoja mfumo uniletee sehemu yangu, kama ulivyokuwa unafanya siku zote, kwa kengele yake ndogo. Kengele haikulia. Nikanywa chai. Nikafungua ukurasa mwenyewe.

Ukurasa wa Kiswahili ulikuwa umeshajazwa wote. Pembeni yake kulikuwa na alama ya kijani: umethibitishwa. Nikavaa miwani ya kusomea. "Tia kijiko kimoja cha dawa katika bidoni ya lita ishirini. Funga, tikisa, ngoja. Kijiko kimoja kinatosha."

Maneno yangu. Mpangilio wangu. Mfumo ulikuwa umelitazama andiko la Kifaransa, ukaona linafanana na lile la zamani karibu kila neno isipokuwa hesabu, ukaenda kwenye hazina yake, ukamchukua mtoto wa zamani ukamvika nguo mpya. Nilipiga ukelele ambao watu wa barabarani waliusikia. Nilimsikia mdogo wangu akisoma, jamani, na akina mama wakiitikia.

Shefu wetu wa sasa alitoka mbio chumbani kwake. Ni mtu wa Kasai, mpole, anayesali sana. Kiswahili chake ni cha kununulia samaki. Si mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniudhi maishani mwangu, sijawahi kumpata hata mmoja aliye mbaya nikamchukia nikapumua.

"Mama, iko nini?"

Nikamwonyesha. Nikamweleza kwa Kiswahili, nikamweleza kwa Kifaransa, nikamwonyesha kwa vidole: huku tatu, huku moja. Akasogeza kiti, akasoma alama ya kijani.

"Lakini mama, sistemu imeshathibitisha."

"Sistemu ilikunywa maji gani, Shefu?"

Akatabasamu, akidhani namtania. Akanieleza kwa upole kwamba mimi sina ruhusa ya kubadilisha kilichothibitishwa, na yeye pia hana. Niandike ombi la marekebisho, litakwenda makao makuu, kuna mtu anayehusika na lugha, watajibu. Nikauliza lini. Hakujua. Nikasema mfumo umeshazichapa karatasi bila kunisubiri, ziko chumba cha nyuma, pikipiki za Kibombo na Kailo zinaondoka kesho alfajiri, na furushi la Punia limeshakwenda na lori. Akatazama saa yake.

"Andiko mama liko sawa, mama, hilo njo la muhimu. Tuache ziende. Kiswahili kitafuata."

Nilikaa chini. Mchoraji wetu alidhani nimezimia, akaleta maji. Nikayatazama yale maji kwenye bilauri kwa muda, nikayaacha.

Kisha hasira ikanipanda, ile ya miaka yote ile, mpaka masikio yakawaka. Nilikwenda chumba cha nyuma, nikafungua mafurushi, nikachukua bic nyekundu. Nilifuta "kimoja" nikaandika "vitatu", na ile sentensi ya mwisho nikaikata kwa mstari mnene mpaka karatasi nyingine zikatoboka. Nilijua bic peke yake haina kazi. Mchanganyaji ataniuliza alichoniuliza mdogo wangu: muhuri uko wapi? Basi nikaingia kwa shefu akiwa kwenye sala ya mchana, nikachukua muhuri mezani kwake, nikaugonga juu ya kila sahihisho. Niliugonga kwa nguvu. Mchoraji alikuja akasimama mlangoni, akatazama. Akaketi upande wa pili akaanza kuchora vijiko vitatu pembeni mwa kila karatasi. Mwenzangu wa Kifaransa alisema yeye hakuona kitu, na akaufunga mlango ili aendelee kutokuona.

Za Kibombo na Kailo zilikwenda hivyo, nyekundu tupu.

Punia nilipiga simu. Mtandao ulikatika, ukarudi, ukakatika. Siku ya tatu nikampata mwanamke anayechanganya dawa huko, ambaye sijawahi kumwona, na sauti yake ilikuwa ya mtu mchangamfu.

"Mama, karatasi njo imefika jana. Inasema kimoja."

"Najua inachosema. Ni vitatu. Tia vitatu."

Kisha akasema taratibu, kwa heshima, "Mama, mimi sikujui. Wakikuja kuhesabu dawa, nitawaambia ni sauti ya simu ilisema? Tuma karatasi."

Nilimwelewa. Kuliko mtu yeyote hapa duniani, nilimwelewa. Nikatafuta mtu wa pikipiki anayejua njia ile mbovu ya msituni, nikampa karatasi yenye muhuri ndani ya mfuko wa nailoni, nikamlipa mwenyewe. Mvua ilimkamata njiani, daraja moja lilikuwa limelala, akachelewa. Alipofika, watu wa kituo kile walikuwa wameshaanza kuhara. Hakufa mtu. Namshukuru Mungu, na yule mtu wa pikipiki. Mwingine wa kumshukuru simwoni. Kwa kuwa hakufa mtu, jambo hilo halikuandikwa popote.

Kilichoandikwa ni kosa langu. Juma lililofuata nilikuta mezani kwangu ile karatasi ambayo kila mfanyakazi wa Kongo anaijua, ya kuombwa maelezo: kwa nini nimeharibu nyaraka zilizothibitishwa, na kwa nini nimetumia muhuri wa shirika bila idhini. Niliwauliza pia makao makuu kama sentensi ile inaweza kufutwa kabisa kwenye hazina ya mfumo. Jibu hilo lilikuja haraka kuliko yote: kilichothibitishwa hakifutwi, kinafichwa tu. Kwa hiyo bado imo mle. Mdogo wangu tulimfukia, sentensi haikufukiwa, na mimi nitastaafu niiache hapo inangoja dawa dhaifu nyingine.

Niliketi nikajibu. Nilijaza ukurasa mzima, na nyuma yake, kwa Kiswahili changu kizuri, kile kile nilichokuwa najivunia nikiwa msichana. Niliandika juu ya kijiko, na kabati lililofungwa, na asubuhi za Alunguli, na mikono ya mdogo wangu jioni ile. Nikaweka sahihi, nikampelekea shefu.

Alisoma mstari wa kwanza, akakwama wa pili, akaigeuza karatasi kuona kama upande wa nyuma kuna nafuu.

"Mama, hii inakwenda makao makuu. Kule hakuna mtu atasoma. Ungeandika kwa Kifaransa."

Nilivaa miwani, ile ya pili, nikamtazama usoni.

"Kifaransa kitafuata, Shefu."

Mpaka leo sijakiandika.